Chumvi Inayobaki Baada ya Maji Kusafishwa

Kitambaa cha pamba hakikubali rangi bila maji mengi, na maji hayo yakishafanya kazi yake hutoka kiwandani yakiwa yamebeba magadi, sabuni, wanga, mabaki ya nyuzi, rangi isiyoshika na, kwa uzito unaoweza kuvipita vyote hivyo, chumvi. Katika miongo michache iliyopita wahandisi wameunda mitambo inayoyapitisha majitaka hayo katika tando nyembamba sana na kuyarudisha kiwandani yakiwa laini na safi kuliko maji ya mito mingi, hata kitambaa kingine kikatiwa rangi kwa maji yale yale. Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili kusifiwa. Hata hivyo, anayetaka kuyaelewa hana budi kushika jambo moja tangu mwanzo: utando hauangamizi uchafu, bali huutenga tu, na kila kilichozuiwa upande mmoja wa utando hubaki pale pale, kikiwa kimekolea zaidi kuliko kilivyoingia, kikihitaji kupelekwa mahali fulani. Mji ulioligundua jambo hili kwa gharama kubwa ni Tiruppur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, ambako fulana na nguo nyingine za kufuma hutengenezwa kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani.

Wingi wa chumvi unatokana na aina ya rangi inayotumika. Mwaka 1954 wanakemia wawili wa kampuni ya ICI ya Uingereza, Ian Rattee na William Stephen, walipata njia ya kuifanya rangi iungane kikemikali na selulosi, yaani dutu inayounda nyuzi za pamba, na mwaka 1956 rangi za namna hiyo zikaingia sokoni. Rangi hizo, zinazoweza kuitwa rangi tendanishi kwa kuwa hutendana na uzi wenyewe badala ya kuukalia juu, ndizo zilizoifanya fulana ya pamba iwe nyekundu au buluu ya kukoza bila kuchujuka kila inapofuliwa. Lakini zina tabia moja inayozisumbua. Pamba ikiwa majini huwa na chaji hasi ya umeme, na rangi hizo nazo zina chaji hasi, kwa hiyo viwili hivyo husukumana. Chumvi ikitiwa kwa wingi hudhoofisha msukumano huo, rangi ikausogelea uzi, kisha magadi hutiwa ili muungano ukamilike. Sehemu ya rangi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 40, huungana na maji kabla haijaufikia uzi, na ikishaungana na maji haiwezi tena kushika kitambaa, hivyo huoshwa na kutupwa.

Kiasi cha chumvi kinachotumika huwashangaza wengi wasioijua kazi hii. Kwa kawaida hutiwa gramu 50 hadi 100 katika kila lita ya maji ya rangi, na rangi nzito kama nyeusi hudai zaidi kuliko rangi nyepesi. Ikichukuliwa mashine inayotumia lita 8 za maji kwa kila kilo ya kitambaa, kwa gramu 60 za chumvi kwa lita, kilo hiyo moja itahitaji gramu 480 za chumvi, ambazo ni karibu nusu ya uzito wa kitambaa chenyewe. Fulana moja ya gramu 200 inabeba basi deni la gramu 96 hivi za chumvi, na katika fulana iliyomalizika hakuna kinachobaki cha kuhesabika, kwa sababu chumvi haiungani na uzi wala hailiwi na mmenyuko wowote. Ikishamaliza kazi yake, huondoka yote na maji kama ilivyo.

Tiruppur iko kando ya mto Noyyal, ambao huanzia katika milima ya Vellingiri magharibi mwa Coimbatore na kumwaga maji yake katika mto mkubwa wa Kaveri. Biashara ya nguo za kuuza nje ilipopamba moto katika miaka ya 1980 na 1990, mamia ya viwanda vya kupausha na kutia rangi vilijengwa mjini na viungani mwake, na kufikia mwanzo wa karne hii vilikuwa vikitoa zaidi ya lita milioni 80 za majitaka kwa siku katika mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji mengi ya kuyazimua. Mtoni, upande wa chini wa mji, serikali ilikamilisha mwaka 1992 bwawa la Orathupalayam, lililokusudiwa kumwagilia maelfu ya ekari za wakulima wa bonde hilo. Badala ya kuhifadhi maji ya mvua, bwawa likawa kapu la kila kilichotoka viwandani, na kabla ya miaka mingi kupita wakulima waliokuwa wameliombea dua ndio waliotaka milango yake isifunguliwe, kwa kuwa maji yake yaliharibu mashamba. Sodiamu iliyomo katika chumvi hutenganisha chembe za udongo wa mfinyanzi mpaka udongo ukaziba na kugeuka mgumu, mizizi ikakosa hewa, na hata mvua nzuri ikashindwa kupenya. Visima vya mji navyo vikaharibika, hata viwanda vyenyewe vikalazimika kununua maji ya malori kutoka vijijini, kabla ya mradi wa bomba kuanza kuyaleta kutoka mbali katikati ya miaka ya 2000.

Si kweli kwamba hakuna aliyejaribu kuyasafisha majitaka hayo katika kipindi chote hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijengwa mitambo ya pamoja, yaani mitambo inayohudumia viwanda vingi kwa wakati mmoja kupitia mabomba, na mitambo hiyo iligandisha rangi kwa chokaa na chumvi za chuma, ikayatia maji hewa ili bakteria wale uchafu unaooza, ikatuliza tope na kuachilia maji yaliyoonekana mepesi machoni. Rangi ilipungua na harufu ilipungua, lakini chumvi ilipita katika hatua zote hizo kana kwamba hazipo, kwa sababu bakteria hawali chumvi na chokaa haiigandishi. Sheria ya jimbo ilitaka maji yanayomwagwa yasizidi miligramu 2,100 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, ilhali maji ya viwanda vya rangi hubeba kwa kawaida miligramu 6,000 au zaidi. Mtu aliyechota maji hayo katika glasi angeweza kuridhika nayo kwa macho, huku mkulima aliyeyamwagilia akiangamia, na pengine udanganyifu huo wa macho ndio uliochelewesha hatua za kweli kwa takribani muongo mzima.

Wakulima hawakuchoka. Chama chao cha kulinda haki za wamwagiliaji wa bonde la Noyyal kilikwenda mahakamani, na mwezi Desemba 2006 Mahakama Kuu ya Madras ikaviamuru viwanda vifikie hali ya kutomwaga hata tone moja nje, na vilipe faini kwa kila lita vitakayoimwaga kabla ya kufikia hali hiyo. Wenye viwanda walikata rufaa, na mwezi Oktoba 2009 Mahakama ya Juu ya India ikawakatalia, ikishikilia kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, kisha muda mwingine ukapita bila amri kutekelezwa kikamilifu. Tarehe 28 Januari 2011 Mahakama Kuu ilichoka kungoja na kuamuru viwanda vyote vya kutia rangi na kupausha vya Tiruppur vifungwe, zaidi ya 700 kwa pamoja, na umeme wake ukatwe. Mji uliotegemea nguo kwa kila kitu ukakosa kiungo muhimu cha kazi yake, wafanyakazi wengi wakarudi makwao, na serikali ya jimbo ikalazimika kutoa mkopo usio na riba ili mitambo ya pamoja ikamilishwe. Viwanda viliruhusiwa kufunguliwa kidogo kidogo kadiri kila mtambo ulivyothibitisha kwamba hautoi kitu nje. Katika historia ya sheria za mazingira ni nadra mahakama kwenda umbali huo, na ni vigumu kuamini kwamba bila amri hiyo yeyote angegharimia mambo yanayoelezwa hapa chini.

Katika mtambo wa namna hii, majitaka huanza safari yake katika tangi kubwa la kusawazisha, ambako maji ya kiwanda kilichotia rangi nyeusi asubuhi huchanganyika na ya kile kilichotia nyekundu mchana, na ukali wa magadi hupunguzwa kwa asidi. Kisha hufuata kazi ya bakteria, ambayo hakuna utando unaoweza kuifanya badala yao, kwa sababu uchafu unaooza ukifika kwenye utando hulisha vijidudu vinavyouziba. Baada ya kutulizwa na kupitishwa katika mchanga, maji huingia katika utando wa kwanza, unaochuja kwa ukubwa wa matundu. Mara nyingi hutengenezwa kwa umbo la mirija myembamba yenye kipenyo cha milimita moja au mbili, ikiwa maelfu pamoja katika bomba moja, na ukuta wa kila mrija una matundu ya sehemu ya mia moja hadi sehemu ya kumi ya maikromita, ambayo ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Bakteria wa kawaida ana urefu wa maikromita moja hivi, kwa hiyo hapiti, wala chembe za tope hazipiti. Lakini rangi iliyoyeyuka na chumvi hupita bila kizuizi, kwa kuwa molekuli zake ni ndogo mno.

Ndipo unapokuja utando wenyewe unaobeba sifa zote, ule wa osmosisi kinyume. Osmosisi ni tabia ya maji ya kuhama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi kupitia ngozi inayoyaruhusu maji na kuzuia vilivyoyeyuka ndani yake, na ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1748 na padri na mwanafizikia Mfaransa Jean-Antoine Nollet, aliyetumia kibofu cha nguruwe kutenga pombe na maji. Ikiwa upande wenye chumvi utasukumwa kwa kanieneo kubwa kuliko lile ambalo maji yanasukumia, kanieneo likiwa ni nguvu inayobana juu ya eneo, safari hugeuka na maji huhamia upande safi. Wazo hilo lilikuwa rahisi kueleza na gumu kutenda mpaka Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wakiwa katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles kuelekea mwaka 1960, walipofanikiwa kutengeneza utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba juu na mwili wenye matundu chini, ambao ulipitisha maji ya kutosha kuwa na faida. Mwaka 1965 mtambo mdogo wa aina hiyo ulianza kuwapa wakazi wa Coalinga, California, maji ya kunywa. Katika miaka ya 1970 mkemia Mmarekani John Cadotte alibuni utando wa tabaka wa poliamidi, plastiki ya ukoo mmoja na nailoni, na tando zinazotumika leo Tiruppur na kwingineko ni uzao wa ubunifu huo.

Utando wa sasa una tabaka tatu, na ya chini kabisa inayoshikilia nyingine ni kitambaa cha poliesta kisichofumwa, kwa hiyo maji ya kitambaa husafishwa juu ya kitambaa. Juu yake kuna tabaka la polisalfoni lenye matundu, na juu kabisa ngozi ya poliamidi yenye unene wa nanomita 100 hadi 200, yaani sehemu moja tu kati ya mia kadhaa za unene wa unywele. Ngozi hiyo haina matundu kwa maana ya kawaida. Molekuli za maji huyeyuka ndani yake na kutokea upande wa pili, huku chumvi na rangi zikishindwa kufanya hivyo isipokuwa kwa kiasi kidogo sana. Karatasi hizi za utando, zikiwa zimetenganishwa na wavu wa plastiki unaoyaachia maji njia, huviringishwa kuzunguka bomba lenye matundu kama jamvi linavyokunjwa, na kifurushi kimoja chenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita moja hubeba eneo la utando la karibu mita za mraba 37. Maji yaliyopita hukusanyika katika bomba la katikati. Hayana kalsiamu wala magnesiamu ya kuifanya rangi igande au kuacha madoa, jambo ambalo fundi wa rangi hulithamini kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu maji yasiyobadilika tabia humpa rangi ile ile leo na wiki ijayo.

Adui wa utando ni kuziba. Kalsiamu na silika hujijenga juu yake kama ukoko, bakteria waliosalia hujenga ute, na mabaki ya rangi na sabuni hujibandika mpaka pampu zikalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kupata maji yale yale. Mitambo hutia dawa ya kuzuia ukoko, hulainisha maji kabla hayajafika, na kila baada ya muda husimamishwa ili tando zioshwe kwa magadi makali, kisha kwa asidi. Klorini, ambayo kila mtu angeifikiria kwanza kwa kuua vijidudu, haifai hapa, kwa sababu huikata poliamidi na kuuharibu utando milele. Kiwanda kinachotumia klorini kupausha kitambaa lazima kiihakikishe imeondolewa yote kabla maji hayajafika. Mtambo wa utando si mashine ya kufunga na kuondoka. Unaishi kwa uangalifu wa mafundi wanaopima kila siku, na mitambo mingi iliyoshindwa duniani haikushindwa kwa sababu ya utando mbaya, bali kwa sababu hatua za mwanzo zilipuuzwa.

Yote hayo yakienda vizuri, inabaki hesabu ambayo haikwepeki. Ikiwa majitaka yaliingia yakiwa na gramu 7 za chumvi kwa lita, na asilimia 90 ya maji yakatolewa safi, chumvi ile ile sasa imo katika sehemu moja ya kumi ya maji, ikiwa na gramu 70 kwa lita, mara mbili ya ukali wa maji ya bahari. Kila gramu ya chumvi ya kawaida katika lita huongeza kanieneo la osmosisi kwa karibu nane ya kumi ya kanieneo la hewa, kwa hiyo maji hayo makali husukuma kurudi kwa nguvu ya zaidi ya mara 55 ya kanieneo la hewa, na tando na pampu za kawaida zinakaribia ukomo wake. Kinachobaki ni maji meusi ya chumvi, na mahakama imesema hakuna tone litakalotoka nje ya ukuta.

Njia iliyobaki ni kuyachemsha. Kuvukiza mita moja ya ujazo ya maji hudai joto la uniti, yaani kilowati-saa, karibu 630 ikiwa mvuke unaachwa upotee, na ndiyo sababu mitambo ya kuvukiza hupangwa kwa hatua, mvuke wa chombo cha kwanza ukipasha cha pili, wa pili ukipasha cha tatu, na kadhalika, au mvuke hugandamizwa kwa umeme ili joto lake litumike tena. Kwa hatua nne mahitaji hushuka mpaka robo, uniti 160 hivi. Katika mita 10 za ujazo za majitaka, basi, mita 9 zinazotolewa na utando zitagharimu uniti 30 hivi za umeme kwa jumla, na ile mita moja iliyobaki itadai uniti zinazopita mara tano za kiasi hicho, japo kwa umbo la joto, joto ambalo mara nyingi hutoka katika boila za kuni au makaa ya mawe. Hapo ndipo sifa ya kutomwaga hata tone inapostahili kupimwa kwa haki: mto umeokolewa, lakini moshi umeongezeka, na mwenye kiwanda analipa zaidi kwa sehemu ya kumi ya maji yake kuliko kwa sehemu tisa nyingine.

Ubunifu uliofanya Tiruppur iweze kupumua haukuwa wa utando peke yake, bali wa chumvi pia. Mafundi wa rangi wanaweza kutumia chumvi ya mezani, ambayo ni sodiamu kloridi, au sodiamu salfati, ambayo wengi huiita chumvi ya Glauber, na zote mbili huikaribisha rangi kwenye uzi. Tofauti yake ipo katika baridi. Sodiamu kloridi huyeyuka takriban kiasi kile kile, gramu 36 hivi kwa mililita 100 za maji, yawe ya baridi au ya moto. Sodiamu salfati huyeyuka karibu gramu 50 katika maji ya nyuzi 32 za selsiasi, lakini chini ya gramu 5 yakiwa kwenye nyuzi sifuri. Maji makali yakipoozwa, basi, salfati huanguka yenyewe ikiwa fuwele nyeupe, huku sehemu kubwa ya uchafu mwingine ikibaki majini, na chumvi iliyopatikana inaweza kuuzwa kwa viwanda vile vile vilivyoileta. Njia nyingine haikaushi chumvi kabisa: utando wa nanomita, ambao matundu yake ni ya karibu nanomita moja, huzuia molekuli kubwa za rangi na salfati yenye chaji mbili lakini huipisha kloridi, hivyo hutoa maji ya chumvi meupe yanayoweza kurudishwa moja kwa moja katika mashine ya kutia rangi. Katika mtambo wa Arulpuram, Kampuni ya Uwekezaji wa Maji ya Tamil Nadu ilionyesha kwamba maji ya chumvi yaliyosafishwa yanafaa kutia rangi tena, na hivyo kiasi cha kuvukizwa kikapungua.

Pamoja na hayo, mitambo ipatayo 18 ya pamoja inayofanya kazi Tiruppur bado ina maghala yenye magunia ya chumvi mchanganyiko, ambayo ni mabaki ya kloridi, salfati, rangi na dawa nyingine yaliyokwama mwishoni mwa kukausha, yasiyo safi kiasi cha kutumika wala salama kiasi cha kufukiwa popote, kwa kuwa mvua ya kwanza ingeyarudisha katika visima. Hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya nguo zinazojinadi kuwa rafiki wa mazingira hayalitaji. Hakuna sababu ya kuikejeli Tiruppur kwa ajili ya maghala hayo. Ghala lenye paa ni mahali bora zaidi kwa chumvi hiyo kuliko shamba la mkulima, na mji huo umefanya kazi ambayo miji mingi yenye mitaji mikubwa zaidi haijathubutu kuianza.

Mfano huo umeshafika Afrika. Bustani ya viwanda ya Hawassa nchini Ethiopia, iliyofunguliwa mwaka 2016, ilijengwa tangu mwanzo na mtambo wa kutomwaga kitu, kwa sababu nzuri ya kijiografia: ziwa Hawassa, katika Bonde la Ufa, halina mto unaotoka, kwa hiyo kila chumvi inayoingia hukaa humo, na wavuvi na walaji wa samaki wa mji huo wangekuwa wa kwanza kuijua. Afrika Mashariki nayo imefungamana na habari hii kwa njia ya nguo zake. Kanga na vitenge vingi vinavyouzwa katika masoko ya Dar es Salaam na Mombasa huchapishwa Jetpur, katika jimbo la Gujarat, kando ya mto Bhadar, ambao nao umekuwa na mashauri marefu kuhusu uchafuzi wa viwanda vya kuchapa. Na kwa kuwa serikali za ukanda huu zinataka pamba inayolimwa hapa ifumwe na kutiwa rangi hapa hapa, swali la Noyyal litazidi kuulizwa Eldoret, Thika, Jinja, Mwanza na Morogoro.

Jibu lake halipaswi kuwa moja kila mahali. Kwa kiwanda kilicho pwani, ambako bahari ina chumvi yake tayari, kulazimisha kila tone livukizwe kungekuwa ni kuchoma kuni bure. Kinachotakiwa huko ni kuondoa rangi, sumu na uchafu unaooza, kurudisha kiwandani maji yanayoweza kurudi, na kuyapeleka maji ya chumvi yaliyosafishwa mahali ambapo bahari itayapokea bila kudhuru matumbawe na mikoko. Kiwanda kilicho bara, juu ya visima vya watu au juu ya mto unaokauka kiangazi, kina hali nyingine kabisa. Mabwawa ya kutuliza majitaka na mabwawa ya matete, ambayo yanafanya kazi nzuri kwa majitaka ya majumbani, hayawezi kukisaidia kwa hili, maana chumvi hupita ndani yake, na jua linapovukiza maji huifanya iwe kali zaidi.

Kilicho bora kuliko yote ni kupunguza chumvi kabla haijaingia. Mashine mpya zinazotumia lita 4 au 5 za maji kwa kilo ya kitambaa badala ya 8 au 10 hupunguza chumvi kwa kiwango kile kile, bila utando wowote. Ipo pia njia ya kulowesha kitambaa katika rangi na magadi, kukikamua, kukiviringisha na kukiacha kimefunikwa kwa saa 12 hadi 24 bila kukipasha moto, na njia hiyo haitumii chumvi hata kidogo, kwa kuwa rangi ipo ndani ya kitambaa tayari, haihitaji kuvutwa kutoka katika maji mengi. Haifai kwa kila aina ya kitambaa cha fulana, lakini kwa vitambaa vya kufumwa vya mita nyingi inafaa sana, na mwekezaji anayepanga kiwanda kipya anapaswa kuulizwa kwa nini hakuichagua kabla hajaulizwa atanunua utando wa kampuni gani.

Mamlaka za mazingira, ziwe za Kenya, Tanzania au Uganda, zina kipimo rahisi cha kuongezea juu ya vipimo vya maabara, nacho ni daftari la chumvi. Risiti za ununuzi zinaonyesha kilo zilizoingia. Mizani ya mtambo wa kupozea inaonyesha kilo zilizorudishwa katika kazi. Ghala linaonyesha magunia yaliyohifadhiwa. Kiwanda kilichonunua tani 100 kwa mwezi, kikarudisha tani 70 na kuhifadhi tani 10, kina tani 20 ambazo hazijatajwa, na kwa kuwa chumvi haiozi wala haiyeyuki hewani, mkaguzi ana haki ya kuonyeshwa bomba zilikopitia.